Queen's Garden na Navajo Loop, Bryce Canyon: njia fupi inayodai marejesho mwishoni

Nguzo za mawe za Bryce Canyon, kusini mwa jimbo la Utah huko Marekani, zinaonekana vizuri tu kutoka juu ukingoni, na hapo ndipo wageni wengi wanapoishia. Wanashuka garini, wanapiga picha, wanaondoka. Ni sawa na kwenda harusini ukanusa mvuke wa pilau kisha ukarudi nyumbani. Uhondo wenyewe uko chini, katikati ya nguzo, na njia nzuri kuliko zote ya kuufikia bila kumaliza siku nzima ni hii inayounganisha Queen's Garden na Navajo Loop. Ni mzunguko wa kilomita 4.6, unashuka na kupanda mita 180 hivi, na unachukua saa mbili hadi tatu kwa mtu anayetembea na kusimama kushangaa.

Tunaipa 9 kwa 10 ikiwa kipande kinachoitwa Wall Street, mwanya mwembamba kati ya kuta mbili za mwamba, kiko wazi. Kikiwa kimefungwa tunaipa 7, na anayesafiri kutoka mbali kwa ajili ya kipande hicho ajue mapema, kwa sababu hufungwa kila majira ya baridi.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba hapa mambo yako kinyume. Mpandaji wa Kilimanjaro au wa Longonot anaanza na kazi, akichoka anageuza, na kurudi ni mteremko. Bryce unaanzia juu. Kushuka ni kama mkopo wa kikoba: pesa mkononi, kila mtu anacheka. Marejesho yanakuja mwishoni, juani, miguu imeshachoka na chupa imebaki robo. Wanaopata shida kwenye njia hii si kwamba hawana nguvu. Walishuka kwa furaha hadi chini kabisa, na hawakujiuliza hata mara moja watarudije juu.

Mwinuko nao una lake. Ukingo uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa anayeijua njia ya Marangu, hapo ni katikati ya lango na kambi ya Mandara. Mtu wa Nairobi, aliyezoea karibu mita 1,800, atahema kidogo tu. Mtu wa Mombasa, Dar, Unguja au Muscat atahisi kifua kinabana kwenye kona za kupanda, na pengine kichwa kitamgonga siku ya kwanza. Kama ratiba inaruhusu, lala usiku mmoja karibu na hifadhi kabla ya kushuka. Kama hairuhusu, tembea polepole: ukishindwa kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, unakwenda kasi mno.

Sasa mwelekeo. Njia ni mviringo, kwa hiyo unaweza kuanza upande wowote, lakini hifadhi yenyewe inashauri uzunguke kama mshale wa saa, yaani ushukie Sunrise Point kupitia Queen's Garden na upandie Sunset Point kupitia Navajo Loop. Tunakubaliana nao, na sababu ni za miguuni. Upande wa Queen's Garden mteremko ni wa taratibu. Upande wa Navajo ni mkali, na changarawe yake ni mbaya zaidi kwa anayeshuka kuliko kwa anayepanda. Anayepanda hukanyaga kwa nyayo nzima na uzito wake uko mbele. Anayeshuka huweka uzito kisiginoni, na kisigino ndicho kinachoteleza. Tena upande wa Queen's Garden ukishuka unatazamana na bonde lote la nguzo, lakini ukipandia huko unaangalia udongo na visigino vya aliye mbele yako. Na Wall Street ina kivuli karibu siku nzima, kitu utakachokishukuru wakati wa kupanda.

Hiyo changarawe inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo kasoro kubwa ya njia hii na haionekani kwenye picha. Mwamba wa hapa ni chokaa iliyochanganyika na matope yaliyoganda, na unamomonyoka kuwa punje ndogo ngumu, za mviringo. Punje hizo hulala juu ya udongo ulioshindiliwa na maelfu ya viatu kwa siku. Mwaga choroko kwenye sakafu ya saruji kisha upite juu yake: ndivyo ilivyo. Kiatu chenye soli bapa hakina cha kushika. Ndiyo maana uongozi wa hifadhi unataja viatu visivyofaa kuwa chanzo kikuu cha watu kuumia, na wanaoumia wengi huumia vifundo vya miguu.

Kwa hiyo ndala, sandali za wazi na raba za kutembelea mjini zibaki garini. Unahitaji kiatu cha kufunika chenye meno marefu kwenye soli, na kikipanda juu ya kifundo ni bora zaidi. Buti mpya ya dukani siku ya kwanza nayo ni kosa, kwa sababu malengelenge hayasubiri kilomita ya tano. Ivae wiki mbili kwenye mizunguko yako ya kawaida kwanza. Kabla ya kushuka, kaza kamba sehemu ya juu ya kiatu ili mguu usiteleze mbele, maana vidole vinavyogonga ncha ya kiatu kwa dakika arobaini vitakukumbusha usiku. Fimbo mbili za kutembelea zinasaidia sana wenye magoti mabovu; kijana mwenye magoti mazima atazibeba bure.

Mvua ikinyesha hali inageuka. Choroko zinakuwa ufinyanzi. Udongo unanasa kwenye soli tabaka kwa tabaka mpaka kila mguu una uzito wa kilo ya ziada, na meno ya kiatu yanazibwa. Kukwangua kwa jiwe kunasaidia hatua kumi tu. Subiri saa moja au mbili baada ya mvua kuisha. Jua na upepo wa hapa hukausha haraka.

Ukiondoka Sunrise Point, nusu saa ya kwanza ni mgongo wa kilima ulio wazi, mpana wa kutosha watu wawili kupishana, lakini hauna kizuizi pembeni. Anayeogopa vimo ashike upande wa ndani na atazame mbele. Watoto wadogo washikwe mkono hapa, na tunasisitiza mkono, si sauti. Rangi hubadilika kila kona: nyeupe, maziwa yenye chai, chungwa, kisha nyekundu ya tofali la kuchoma. Baadaye njia inapita kwenye milango iliyotobolewa katika kuta za mwamba, na kila unapotoka upande wa pili unakuta mandhari mapya kama mtu aliyebadilisha pazia. Kwa anayependa picha, simama ndani ya tobo, kwenye giza, ukielekeza kamera nje. Mwamba unakuwa fremu. Ila usizibe njia. Msururu nyuma yako ni mrefu.

Chini kidogo kuna kijia kifupi cha pembeni kinachokwenda kwa Malkia. Ni nguzo inayofanana na sanamu ya Malkia Victoria amevaa taji, yule yule ambaye jina lake lilibandikwa kwenye Nyanza yetu mwaka 1858. Watu wengi huangalia nguzo isiyo yenyewe, wanaguna, wanageuza. Kuna kibao, simama hapo kisha tazama juu, utafute umbo la mwanamke aliyesimama kiubavu. Kusema kweli, kama umechoka ruka. Kufanana kupo, lakini nguzo zisizo na jina zilizo jirani ni nzuri zaidi.

Kuhusu majina: nguzo hizi Wamarekani huziita hudu, na haihusiani kabisa na hudihudi yule ndege. Wapaiute, wenyeji wa asili wa eneo hili, husimulia kwamba ni watu waliofanya mabaya wakageuzwa mawe na Coyote, mjanja wa hadithi zao kama sungura alivyo wa hadithi zetu. Ukiwa chini, saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, hadithi hiyo haihitaji maelezo. Zimesimama kwa safu, mabega kwa mabega, vichwa vimeinama.

Na jina Bryce Canyon lenyewe lina uongo ndani yake. Bryce ni mlowezi mzaliwa wa Uskoti, Ebenezer Bryce, aliyeishi chini ya miamba hii miaka ya 1870. Korongo ndilo halipo. Korongo huchimbwa na mto unaopita katikati, na hapa hakuna mto wa namna hiyo. Ni ukingo wa uwanda wa juu wa Paunsaugunt unaoliwa kutoka pembeni, ukabaki na mabakuli makubwa. Anayechonga si upepo, ingawa ndivyo wengi wanavyodhani. Ni barafu. Kwa mwaka kuna zaidi ya siku 170 ambazo mchana ni wa kuyeyusha na usiku ni wa kugandisha. Maji ya theluji huingia kwenye ufa, usiku yanaganda, yanatanuka kwa karibu asilimia 9, ufa unapanuka. Kesho yake yanayeyuka na kuingia ndani zaidi. Ukuta mnene unakuwa ukuta mwembamba, ukuta mwembamba unatoboka dirisha, dirisha linaanguka paa, na pande mbili zilizobaki zinasimama kama nguzo. Mvua, iliyo na tindikali kidogo, inalainisha kona zake. Nguzo yenye kofia pana juu ina tabaka gumu zaidi pale kichwani, linalokinga laini lililo chini. Nyekundu na chungwa ni chuma kilichoshika kutu. Matope yenyewe yalitua kwenye maziwa ya kale miaka milioni 50 hivi iliyopita.

Aliyefika Isimila, nje kidogo ya Iringa, au Marafa, bara ya Malindi, ambako Wagiriama hupaita Nyari, ataona undugu. Kule pia kuna nguzo na makuta ya rangi ya kutu. Lakini Isimila na Marafa zimechongwa na maji ya mvua yanayotiririka, na hakuna barafu iliyogusa kitu. Ndiyo maana za kwetu zina mifereji ya kwenda chini kama nguo iliyokunjwa, na za Bryce zina viuno na mabega: kila tabaka linaliwa kwa kasi yake. Ukubwa nao haulinganiki. Isimila unaizunguka kwa saa moja hivi, na Bryce unazunguka kona moja tu ya bakuli moja kwa saa tatu. Hata hivyo Isimila ina zana za mawe za binadamu wa kale, na utulivu wa watu wachache, vitu ambavyo Bryce haina.

Chini kabisa njia inakuwa tambarare kwa zaidi ya kilomita moja, ndani ya misonobari, kando ya mkondo mkavu. Hapa ndipo pa kukaa, kula na kunywa, si juu, na sababu ni marejesho yaliyo mbele. Karanga, korosho, tende, kashata, chochote chenye chumvi au sukari kinachotafunika. Vindi watakuja. Usiwape, hata kipande. Wanauma, ni kosa kisheria, na wamezoea vya bure mpaka wanafungua zipu ya begi lililoachwa chini.

Maji ndiyo pesa yako huku, maana chini ya ukingo hakuna bomba hata moja, na huko chini kwenye mzunguko huu hakuna choo. Jaza chupa kituo cha wageni, na umalize mambo yote mengine huko huko juu. Siku ya baridi lita moja kwa mtu inatosha. Juni hadi Agosti beba mbili. Mtu wa pwani ndiye anayedanganyika zaidi hapa. Kwetu jasho linakuambia: shati limelowa, unajua umepoteza maji. Hewa ya huku ni kavu kiasi kwamba jasho linaondoka kabla hujaliona. Shati ni kavu, ngozi ni kavu, na wewe umeshakauka. Dalili ya kwanza ni midomo kupasuka na kichwa kuuma. Kunywa kwa ratiba, funda kadhaa kila dakika kumi na tano, usisubiri kiu. Mafuta ya mgando mfukoni kwa ajili ya midomo ni kitu kidogo chenye faida kubwa. Kofia yenye ukingo mpana nayo si pambo. Jua la mwinuko huu huchoma hata ngozi nyeusi, na puani ndiko linakoanzia.

Halafu kuna njia panda. Huko chini Navajo Loop inagawanyika njia mbili, Wall Street na Two Bridges, na papo hapo njia ya Peek-a-boo inachomoka kwenda kwingine. Watu hupotea hapa, na simu haisaidii kwa sababu mtandao ni wa kubahatisha. Anayeingia Peek-a-boo kwa makosa anajiongezea njia ndefu yenye kupanda na kushuka mara nyingi, tena anaipitia pamoja na misafara ya farasi inayopaswa kupishwa. Kanuni ni moja: fuata kibao kilichoandikwa Sunset Point. Kisipoonekana, rudi hatua hamsini ukitafute.

Wall Street sasa. Kuta mbili zinasogeleana mpaka anga linabaki utepe. Chini ni baridi ghafla, sauti zinarudi, na katikati ya mwanya kuna miti ya Douglas fir iliyonyooka kama mlingoti wa jahazi, haina tawi mpaka juu kabisa, kwa sababu jua liko huko. Mtu anayeangalia juu anasahau miguu. Simama kwanza, ndipo uangalie. Saa za karibu na adhuhuri mwanga unapiga ukuta mmoja na kurukia wa pili, na mwanya wote unakuwa rangi ya kaa la moto. Wapiga picha wanaokuja alfajiri peke yake hukosa hili.

Kisha zinaanza kona. Njia inapanda nyokanyoka, kona fupi fupi zilizojengewa kuta za mawe, moja juu ya nyingine, na ukitazama chini unaona watu kama sisimizi kwenye ngazi. Hapa ndipo marejesho yanapolipwa. Hatua fupi, mdundo mmoja, simama kwenye kona na si katikati ya njia. Usikate kona kwa kupanda moja kwa moja: unabomoa njia, na mawe unayoyasukuma yanampata mtu aliye chini yako. Usikae kupumzika chini ya ukuta hata kama kivuli kinavutia. Mwanya huu unaendelea kuchongwa. Mwaka 2006 mwamba mkubwa uliporomoka na kuufunga. Sababu hiyo hiyo, pamoja na barafu, ndiyo inayofanya kipande hiki kifungwe kila baridi na kufunguliwa tena majira ya kuchipua, tarehe ikitegemea mawe yaliyodondoka. Kwa hiyo kabla ya kushuka uliza kituo cha wageni, swali moja tu: Wall Street iko wazi?

Kama haiko wazi, unapandia Two Bridges. Si adhabu. Kuna madaraja mawili ya asili yaliyoshikilia kuta, na karibu na juu unapita jirani ya Thor's Hammer, yaani Nyundo ya Thor, nguzo yenye kichwa kizito kuliko shingo, inayoonekana kama itaanguka wiki ijayo. Lakini mwanya ule mwembamba unaukosa, na ndiyo sababu ya alama mbili tulizozipunguza. Kama Wall Street iko wazi, usihangaike kushuka tena upande wa pili kwa ajili ya nyundo. Inaonekana vizuri kutoka Sunset Point.

Ukishafika juu, mita 800 za mwisho ni njia ya lami ukingoni kurudi Sunrise Point. Kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vinapita, na ndiyo sehemu pekee ya mzunguko ambapo mbwa anaruhusiwa. Mzee asiyeweza kushuka anaweza kuwasubiri wengine kipande hiki chote akiwaona wakitembea chini kama siafu.

Saa ya kwenda ina maana kuliko watu wanavyodhani. Bakuli linaangalia mashariki. Jua likichomoza, mwanga unaingia moja kwa moja na kila nguzo inawaka. Jioni jua liko nyuma ya ukingo, na kivuli kinafunika bonde mapema, kwa hiyo anayekwenda Sunset Point kwa ajili ya machweo ameponzwa na jina. Anza saa 1 asubuhi. Maegesho ya Sunrise Point na Sunset Point hujaa kuanzia saa 4 asubuhi, na kugombea nafasi pale kutakutia hasira isiyo na sababu, maana kuanzia Aprili hadi Oktoba kuna basi la bure kutoka mji wa Bryce Canyon City nje ya lango. Kwa waliozoea jua la saa 12 kwa saa 12, kumbuka kwamba Juni huku giza linaingia baada ya saa 3 usiku, na Desemba jua limezama saa 11 na robo jioni.

Julai na Agosti kuna radi za mchana. Mawingu yanajenga kuanzia adhuhuri, na ukingo ndio mahali pabaya zaidi pa kuwepo. Ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla hujahesabu thelathini, ingia ndani ya gari au jengo. Chini ya mti si mahali pa kujikinga. Joto lenyewe si kali: mchana wa Julai ni nyuzi 27 hivi, usiku unashuka hadi 8, kwa hiyo sweta hata kiangazi. Januari mchana ni karibu nyuzi 3 na usiku ni 9 chini ya sifuri. Nguzo zikiwa na theluji kichwani ni nzuri kupita kiasi, lakini bila minyororo midogo ya kuvalisha viatu usishuke, kwa sababu kona zilizo kivulini zinakuwa kioo.

Bei. Gari binafsi ni dola 35 kwa siku saba, wote waliomo ndani. Lakini tangu Januari 1, 2026, asiye mkazi wa Marekani anaongezewa dola 100 kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi, na Bryce ni mojawapo ya hifadhi 11 zenye nyongeza hiyo. Piga hesabu kabla ya kufika kibandani. Wageni wawili kutoka Nairobi kwenye gari moja: 35 na 200, jumla 235. Pasi ya mwaka ya asiye mkazi ni dola 250, inaondoa nyongeza na inafanya kazi kwenye hifadhi nyingine pia. Kwa tofauti ya dola 15 tu, na Zion yenye nyongeza ile ile iko mwendo wa chini ya saa mbili, hakuna sababu ya kulipa rejareja. Mkazi, hata kama si raia, analipa 80 kwa pasi ya mwaka, ila abebe kitambulisho kinachoonyesha makazi. Na familia za Salt Lake City, wenye asili ya Kongo, Burundi na kwingineko, zenye mtoto wa darasa la nne: mtoto huyo ana haki ya pasi ya bure ya mpango wa Every Kid Outdoors, na inaingiza gari zima. Inaombwa mtandaoni.

Mwenye pumzi na siku nzima, aliyechukizwa na msongamano, aangalie Fairyland Loop: kilomita karibu 13, saa nne hadi tano, nguzo zile zile na sehemu ndogo tu ya watu. Barabara ya Fairyland Point inachepuka kabla ya kibanda cha lango, jambo ambalo halimaanishi ni bure. Njia hiyo haina kivuli cha maana na inapanda mara kadhaa, si mara moja, kwa hiyo lita tatu za maji na chakula cha kweli.

Mwisho, kwa wanaoendesha kutoka Las Vegas, kilomita 420 hivi: saa nne barabarani, lakini Utah iko mbele ya Nevada kwa saa moja. Ukitoka Vegas saa 12 asubuhi unafika saa 5, si saa 4, na maegesho yameshajaa. Egesha nje ya lango, panda basi.